Kioo cha Mtani

Kuna watu wanaofika kwa fundi wakaeleza tatizo. Avelina Kikoti si wa kundi hilo. Yeye akifika kwa fundi huchokoza kwanza, tatizo litajulikana mbele ya safari.

“Wewe Mngoni, panya wamekwisha leo, au bado uko mezani?”

Leodegar Komba alikuwa ameinama juu ya meza yake ya kazi pale Manzese, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, katika kibanda chenye upana wa kitanda na kibao kikubwa kuliko kibanda chenyewe: KOMBA DAKTARI WA KOMPYUTA. Hakuinua hata kichwa. Alipaza sauti tu kumwelekea jirani yake, muuza mkaa.

“Twaha! Mfungie mbwa wako ndani, kaka. Mhehe ameshuka mtaani, na anavyoonekana hajala tangu Iringa.”

Mgeni angedhani pale ngumi zinafuata. Wenyeji hata hawakugeuka. Wahehe na Wangoni walipigana zamani za mababu mpaka wakachoshana, na walipochoka wakaanza kutaniana, huyu mla panya, yule mla mbwa, na hadi leo hawajamaliza. Mtani atakusema mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya chapati mkononi, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Avelina ni mwalimu wa shule ya msingi, mama mtu mzima anayeamkiwa na nusu ya mtaa, lakini akifika kwa Leodegar hutupa ualimu wake mlangoni kama ndala.

“Shikamoo, mtani,” alisema Leodegar, sasa akiinua kichwa.

“Shikamoo yako kaa nayo, inanuka panya. Hebu tazama hapa.”

Akaweka laptop mezani na kuifungua. Leodegar alivuta pumzi kwa meno. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona, na katikati palikuwa na doa jeusi limetambaa kama wino uliomwagika. Ukiiwasha, upande mmoja uliwaka mistari ya kijani na upande mwingine haukuwaka kabisa.

“Mmeipiga na mchi?”

“Niliificha chini ya godoro, watoto wa wageni wasiichezee. Bahati mbaya godoro hilo akapewa wifi yangu kutoka Mafinga alalie. Na wifi yangu si unamjua?”

“Simjui.”

“Basi mshukuru Mungu.”

Wakacheka wote wawili. Kisha Avelina akaacha kucheka, akavuta kigoda, akakaa. Sauti yake ilipobadilika Leodegar alijua utani umewekwa kando.

Jumamosi ilikuwa send-off ya Asifiwe, binti yake, shughuli ya kumuaga kabla ya harusi. Hilo Leodegar alilijua, maana yeye na mkewe Editha walikuwa na kadi, na hata wasingekuwa nayo wangekwenda, mtani haalikwi. Asilolijua ni habari ya Bibi. Bibi Eufrazia, mama yake Avelina, alikuwa kwake Kilolo, nyonga zimekataa, hapandi basi wala gari dogo. Na Asifiwe alilelewa mgongoni mwa bibi huyo mpaka alipofika umri wa kuanza shule. Sasa mtoto alikuwa amesema neno moja tu, na alikuwa halirudii: bila maji ya Bibi, mie siondoki.

“Maji?”

“Kwetu binti akitolewa, mkubwa wa ukoo hupiga funda la maji, akamnenea, akampulizia. Wajukuu wote wamepata. Asi peke yake ndiye bado, naye ndiye kipenzi. Tumekubaliana Stephano, mdogo wangu aliye kule kwa Mama, ashike simu, Bibi aongee na mtoto wake, na ukumbi mzima umwone ukutani. Sasa projekta ya ule ukumbi ni ya enzi za Adamu. Waya wake ni ule wenye kichwa cha bluu, una sindano nyingi. Tumejaribu laptop za kamati nzima, hakuna yenye tundu lake. Yangu tu ndiyo inayo.”

Akaipapasa laptop kwa kiganja.

“Mtani, Mama hatafika kwenye shughuli nyingine tena. Mie najua, na yeye anajua. Nataka afike kwenye hii.”

Sasa Leodegar alikuwa na kasoro moja, na mkewe Editha angekutajia hata usingizini: mdomo wake ulikuwa unatangulia mikono yake. Hapo hapo akapiga kifua.

“Jumamosi Bibi yuko ukutani. Asipokuwepo, nivueni Ungoni wangu mumpe mtu mwingine.”

“Nani ataupokea?” alisema Avelina, akasimama, akaenda zake. Lakini alikuwa anatabasamu.

Kesho yake Leodegar alizunguka Kariakoo duka kwa duka, kile kioo kilichopasuka kakitia kwapani. Vioo vilikuwepo vya kila namna. Vyembamba, vinene, vinavyong'aa na visivyong'aa. Lakini laptop ya Avelina ilikuwa ya kizamani na yenye maringo: tundu la kuingizia waya nyuma ya kioo chake lilikuwa juu, upande wa kulia. Vioo vyote alivyoonyeshwa vilikuwa na tundu chini, upande wa kushoto. “Hiyo ya juu ilishapotea, braza,” aliambiwa kila alikokwenda. “Agiza, subiri.” Asubiri nini, na shughuli ni kesho?

Akarudi Manzese mikono mitupu. Chini ya meza alikuwa na boksi la maiti, ndivyo alivyoliita, limejaa laptop zilizokufa ambazo alizichomoa viungo kuwatibia wagonjwa wengine. Akachomoa kioo kimoja chenye ukubwa uleule. Soketi ileile, pini zilezile. Lakini tundu, kama ilivyokuwa laana ya siku ile, liko chini kushoto. Akajaribu kuvuta waya. Waya ulikuwa mfupi, bapa, umekunjwa kwa vipimo vyake, na mtu akiuvuta kwa nguvu hukatika, na ukikatika huo, basi tena. Masikio ya kufungia skrubu nayo hayakuwepo. Akakaa, akashika tama. Akamfikiria Avelina alivyoipapasa ile laptop, akasikia aibu imempanda mpaka masikioni.

“Fundi, umefiwa?” Twaha aliuliza kutoka kwenye mkaa wake.

“Bado. Kesho ndiyo nafiwa.”

Akakinyanyua kile kioo ili akirudishe kwenye boksi, na kwa kuwa kilikuwa na vumbi, akakigeuza kukipuliza. Alikipuliza, akakitazama tena. Kioo kilikuwa mkononi mwake kichwa chini miguu juu, na lile tundu, lililokuwa chini kushoto, sasa lilikuwa juu kulia.

“Wee!” alipiga kelele peke yake. “Wee Leodegar wewe!”

Akakivika kioo kile kwenye mfuniko wa laptop hivyohivyo, kikiwa kimepinduka. Waya ulifika bila kuvutwa, ukaingia kwenye tundu lake, ukakaa. Pasipo skrubu akapachika gundi ya pande mbili, akabana fremu, akawasha. Neno la watengenezaji likatokea miguu juu. Kisha picha nzima ikatokea imepinduka, saa iko juu badala ya chini, na ndoo ya taka iko pembe isiyo yake. Leodegar akainamisha shingo mpaka ikalia, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na kompyuta, kwa utiifu kabisa, ikaigeuza picha ikakaa sawa. Ajabu ya Mungu! Aliizima na kuiwasha mara kadhaa kwa raha tu. Akanunua muhogo wa kuchoma na pilipili, akala amesimama mbele ya kazi yake, na kila aliyepita alionyeshwa, hata wasiokuwa na laptop wala mpango wa kuwa nayo. Kwa kweli siku ile alijipenda.

Avelina alipokuja kuichukua, alipewa masharti.

“Ukiiwasha, lile neno la mwanzo litatokea kichwa chini. Usishtuke, linajigeuza lenyewe. Halafu usiitazame ukiwa umesimama, nyuso zinakuwa kama negativu ya picha. Kaa chini kidogo utaona safi.”

“Kwa hiyo Mngoni kanitengenezea kioo cha kutazamwa kwa magoti.”

“Mhehe akipiga magoti mbele ya Mngoni, mababu zangu huko waliko wanapiga vigelegele.”

“Nyoo!” Lakini aliwasha, akasubiri, akaifungua picha ya mama yake amekaa barazani kajitanda blanketi. Bibi akatokea safi, mpaka mikunjo ya paji la uso ikaonekana. Avelina akamtazama, akamtazama. Akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

“Asante, Leo,” alisema. Alikuwa hajawahi kumwita jina.

Jioni nyumbani Editha alikuwa anapiga pasi gauni lake la shughuli. Leodegar alimsimulia mkasa wote kwa mikono miwili. Editha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, pasi ikiwa hewani.

“Na projekta umeijaribu nayo?”

“Projekta ni waya tu, Mama Blessing. Unachomeka, inaonyesha.”

“Haya,” alisema Editha. Waume wote wa dunia hii wanajua maana ya haya ya namna ile, ila hawajifunzi.

Shughuli iliwekwa alasiri, kinyume cha desturi ya jiji, kwa sababu Bibi hulala mapema na Kilolo kuna baridi. Ukumbi ulikuwa Kinondoni, umepambwa kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu. Asifiwe aliingia kwa madaha, sare za akina mama zikamfuata, vigelegele vikapasua paa. MC alikuwa Mudathir, kijana mwenye koti linalometameta na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Leodegar alikaa meza ya mbele pamoja na watani wengine, ameshanyang'anya soda mbili na kofia ya mjomba mmoja, na hakuna aliyemnunia. Alikuwa ameshiba raha.

Mezani pa Asifiwe ikawekwa laptop, ili aonane na Bibi uso kwa uso. Nyuma yake ukuta mweupe. Waya wa kichwa cha bluu ukachomekwa.

“Mabibi na mabwana!” Mudathir alinguruma. “Kutoka Kilolo, nyanda za juu kwenye baridi kali, anakuja kwenu, mwenyewe, Bibi Eufraziaaa!”

Ukuta ukawaka, na Bibi akatokea mkubwa kama nyumba, kichwa chini miguu juu.

Blanketi lilikuwa juu, kidevu kikafuata, halafu pua, halafu macho yakipepesa, na chini kabisa karibu na sakafu, kitambaa cha kichwani. Bibi akafungua kinywa. “Kamwene!” ilitoka salamu ya Kihehe. Hakuna aliyeitikia. Halafu mtu mmoja meza za nyuma akapiga ukelele: “Mngoni huyo! Mngoni kampindua Bibi!”

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakashika meza. Mjomba asiye na kofia alipiga sakafu kwa mguu. Wote waliamini ni utani umepangwa, na kwa utani ulikuwa mkubwa haujapata kutokea; Wangoni wa meza ya mbele wakasimama wakampongeza mwenzao kwa kumpiga mabega. Na Leodegar? Alielewa yote kwa mara moja. Ile amri ya kugeuza picha haikugeuza kwenye kioo peke yake. Ilipindua kila mahali, na kioo kilikuwa kimepinduka tayari, kwa hiyo kikaonyesha sawa. Ukuta wenyewe ulikuwa umenyooka, ndiyo maana Bibi alikuwa vile. Haya ya Editha ikamrudia kichwani kwa sauti yake ileile.

Avelina hakuwa akicheka. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake, akainama.

“Mtani. Niambie ni utani.”

Hapo angeweza kusema ndiyo. Kila mtu alikuwa ameshamsamehe.

“Si utani, Mama Asi. Nimekosea. Sikujaribu.”

“Mama hawezi kukaa hivyo muda mrefu,” alisema Avelina. “Kunyanyuliwa kitandani tu ilikuwa kazi. Leo, hii siyo ya kutaniana.”

Leodegar alisimama, akakimbia mpaka mezani pa Asifiwe, akabonyeza vitufe vyake vitatu. Ukutani Bibi akakaa sawa, watu wakashangilia. Lakini kwenye laptop, mbele ya uso wa bibi harusi, Bibi akapinduka ghafla.

“Uwii! Bibi ameanguka!” Asifiwe aliruka kitini.

Mudathir, kwa nia njema kabisa, akaikamata laptop akaigeuza miguu juu ili binti aone vizuri. Sasa jicho la kamera halikuwa la kioo. Lilikuwa kwenye fremu, na fremu ilikuwa imekaa sawa tangu mwanzo. Kule Kilolo ikawa zamu ya Bibi kupiga kelele.

“Stephano! Mbona wamemning'iniza mtoto? Mwambie Avelina wamshushe! Wamshushe mtoto!”

Basi hapo ukumbi ulikuwa umekwisha. Mpambaji wa bibi harusi alikuwa amekaa chini anajipepea. Sauti ya Stephano ikasikika nyuma ya simu, ya chini, yenye wasiwasi: “Dada, Mama ameanza kutetemeka. Tufanye haraka, au tumrudishe ndani?”

Leodegar akasikia neno lile la ndani. Akairudisha laptop mezani, akabonyeza vitufe tena. Asifiwe akamwona Bibi sawasawa, ukuta ukapinduka upya. Vizuri. Sasa kama kioo kimepinduka na ukuta umenyooka, na amri ni moja kwa wote, basi na projekta nayo ipinduke, iwe kama kioo. Akageuka.

“Nipeni kreti! Kreti za soda, mbili!”

Projekta hutupa mwanga wake kwenda juu. Ukiilaza chali, hutupa chini, lazima iinuliwe. Alitandika kreti mbili juu ya meza, akaiinua ile projekta ya enzi za Adamu kwa mikono yote miwili, ikamchoma vidole, akaipindua, miguu yake midogo ikaelekea dari kama ya mende. Picha ikayumba kwenye dari, ikashuka kwenye vitambaa vya zambarau, ikapita usoni mwa wakwe, ikatua ukutani. Bibi Eufrazia alikuwa amekaa sawa, mkubwa, mzima, macho yamewaelekea. Na kwenye laptop, mbele ya mjukuu wake, alikuwa sawa vilevile.

Editha ndiye aliyeanza kigelegele, kimoja, kirefu, na akina mama wengine wakakipokea.

“Kamwene!” alisema Bibi tena.

“Kamwene!” ukumbi mzima uliitikia.

Bibi alimtazama mjukuu wake. Hakusema na ukumbi tena, alisema na Asifiwe peke yake. Alimuuliza kama amekula. Alimwambia amependeza, ila shingo iko wazi sana, atapata mafua. Kisha Stephano akampa kikombe. Bibi akapiga funda, akafumba macho, akasema maneno kwa Kihehe, taratibu, na wale waliokijua wakainamisha vichwa. Akapuliza. Maji yakapiga simu, ukuta mzima ukajaa matone, sura ya Bibi ikapotea nyuma ya maji. Stephano akafuta kwa shati lake.

Asifiwe alijishika shavu. Lilikuwa kavu. Alikuwa amejikaza siku nzima, lakini hapo alishindwa, akalia kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Bibi, hayajafika.”

Bibi alikaa akifikiri, taya zikitafuna kitu kisichokuwepo.

“Walikuwa wanacheka nini mwanzo?” aliuliza.

Avelina akajibu kwa shida. “Ulitokea kichwa chini, Mama. Kioo kilifungwa na fundi wetu. Mngoni.”

“Mngoni?” Macho ya Bibi yalifunguka. “Mmemwacha Mngoni anifunge mimi kwenye kioo? Yuko hapo huyo mla panya?”

Leodegar akasogea mbele ya kamera, vidole vikiwa vimembabuka, kofia ya mjomba bado kichwani.

“Shikamoo, Bibi. Nipo.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyenining'iniza kama popo mbele ya wakwe zangu?”

“Ni mimi, Bibi. Nisamehe.”

“Sikusamehe. Mtani hasamehewi, mtani hufanyishwa kazi.” Akakohoa, Stephano akamvutia blanketi. “Babu yako na babu yangu walipomaliza vita, walizikana. Mngoni akifa, Mhehe anaingia ndani, anagusa kile ambacho ndugu wanaogopa kukigusa. Nami nikifa mtakuja kunifanyia fujo, mtalala hata kwenye kaburi langu mkidai pombe. Si ndiyo?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Basi ndugu hawezi kunishikia kinywa changu. Mtani anaweza. Chukua maji.”

Leodegar hakuelewa kwanza. Aliyeelewa ni Avelina. Alijaza glasi kutoka chupa iliyokuwa mezani, akamletea kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo, na hapakuwa na utani wowote katika goti lile. Leodegar akavua kofia. Alipokea glasi kwa mikono yake iliyozoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele.

“Bibi, mie Kihehe sijui.”

“Maneno nimeshasema. Wewe lete maji.”

Akapiga funda. Asifiwe aliinua uso, akafumba macho. Mpambaji aliyempaka poda na wanja tangu asubuhi alinyoosha mkono kuzuia, Editha akaushusha mkono ule. Leodegar akapuliza. Maji yakamwagika usoni mwa binti, kwenye kope, kwenye shingo ile iliyokuwa wazi, wanja ukateremka mistari miwili mpaka kidevuni. Asifiwe hakujifuta. Alikuwa analia na anacheka, maji yakimdondoka kwenye gauni, na Avelina alikuwa amemshika mabega kwa nyuma, naye hajifuti.

Leodegar alisimama na glasi yake tupu. Ukutani, juu ya vichwa vyao vyote, Bibi Eufrazia alikuwa amesogea mbele kabisa, amekodoa macho, akimchunguza mjukuu wake kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye kidevu kinachodondosha maji. Alipomaliza akajiegemeza nyuma kwenye kiti chake.

“Haya,” alisema. “Sasa nimefika. Nizimeni, nikalale.”